Maswali na Majibu: Koiliova kwa gari la spoti la kila siku

Maswali ya koiliova yamerundikana na mengi yanafanana, kwa hiyo leo nayajibu kwa mkupuo mmoja. Kwa anayelisikia neno hili mara ya kwanza: koiliova ni shokapu iliyovikwa springi yake, na mwili wake umechongwa nyuzi kama za bolti ili ringi inayobeba springi ipande au ishuke, na gari lifuate. Wote ninaowajibu hapa wanaendesha barabarani, siyo kwenye viwanja vya mashindano.

Fundi, nina Mazda MX-5 ninayoendea kazini kila siku. Nataka ikae chini kidogo na ishike kona vizuri. Ninunue koiliova, au springi fupi zinatosha?

Kabla ya kununua chochote, zikague shokapu ulizo nazo. Kama zina umri sawa na gari, yaelekea zimechoka, na gari lenye shokapu zilizochoka huyumba kwenye kona, huinamisha pua ukishika breki na hudundadunda baada ya tuta. Wengi hupanda gari la mwenzao lenye koiliova mpya wakadhani wamependa koiliova, kumbe walichokipenda ni shokapu nzima.

Springi fupi juu ya shokapu za kiwandani siipendi. Shokapu ile ilipangwa kutuliza springi ya kiwandani. Ukiivika springi fupi na ngumu zaidi, haina nguvu ya kuizuia inaporudi, na fimbo yake inakaa imezama muda wote, karibu na ile raba ya kugotea. Kama unataka milimita 15 hadi 25 tu, na huna nia ya kubadilisha kimo tena, nunua springi hizo pamoja na shokapu zinazozimudu, kwa mfano Koni Sport au Bilstein B8, ufunge na uendelee na maisha. Koiliova inakufaa pale unapotaka kupanga kimo mwenyewe, au unapotaka springi na shokapu zilizopangwa pamoja tangu zinapotengenezwa. Hiyo sababu ya pili ndiyo ninayoiheshimu zaidi.

Nina Toyota 86. Nikilishusha mpaka tairi liingie ndani ya madigadi, si litashika kona zaidi?

Hapana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu gari zuri.

Shokapu ina safari yake: nafasi ya kubonyea kabla ya kugota. Barabara ya kawaida ina mashimo, viraka na matuta, na kila kimoja kinataka sehemu ya safari hiyo. Niliwahi kulishusha gari langu milimita 50. Katika kona ndefu niliyoizoea, gurudumu la nyuma la nje likakanyaga kiraka cha lami, shokapu ikagota, na nyuma ikateleza palepale bila onyo. Sikuwa mbio. Raba ya kugotea ikishabanwa, ugumu unapanda ghafla, uzito wote unaangukia tairi kwa kishindo, na tairi linashindwa. Siku iliyofuata nililipandisha.

Nafasi uliyo nayo unaweza kuipima kwa kamba ya plastiki, zile za kufungia nyaya. Izungushe kwenye fimbo ya shokapu, ikaze kiasi cha kushika tu, kisha isukume mpaka iguse mwili wa shokapu. Ikiwa kuna kifuko cha vumbi, kipandishe kwanza. Endesha njia zako za kawaida siku mbili, halafu fungua tairi uangalie. Kila shokapu inapobonyea huisukuma kamba kwenye fimbo, na pale ilipoachwa ndipo safari ilipofika. Ukiikuta imejibana kwenye raba, unagota bila kujua. Ukikuta imebaki nafasi ya vidole viwili, umepanga vizuri. Shokapu zilizofungwa kichwa chini hazipimiki hivi, kwa sababu fimbo yake haionekani.

Kuna jambo la pili linalohusu 86 hasa. Mbele lina strati ya MacPherson, yaani shokapu yenyewe hushikilia gurudumu kwa juu, na mkono wa chini hulishika kwa chini. Ukilishusha mpaka mkono wa chini upande kutoka kwenye chesisi kuelekea gurudumu, kile kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na bodi inalala zaidi badala ya kupungua. Ingia chini na utazame gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake: mkono ukiwa karibu usawa na ardhi, uko mahali pazuri. Ukiwa umeinukia upande wa gurudumu, umeshapita. MX-5, yenye wishiboni mbili mbele (mkono wa juu na wa chini kwa kila gurudumu), huvumilia kushushwa vizuri zaidi, lakini nayo ina mpaka.

Muuzaji ananiambia seti yake ina springi za kilo 10 mbele na kilo 8 nyuma. Je, ni ngumu mno?

Namba peke yake haijibu swali, mpaka ujue imefungwa kwenye gari gani. Kilo 10 hapo ni kilo 10 kwa kila milimita: ubonyeze springi milimita 1, nayo inasukuma kwa kilo 10. Lakini gurudumu haliihisi springi moja kwa moja. Kwenye strati, springi hutembea karibu sawa na gurudumu, tuseme 0.95 ya mwendo wake. Kwenye wishiboni inaweza kutembea 0.7 tu. Na ugumu unaofika kwenye gurudumu hupatikana kwa kuzidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa springi. Kwa hiyo springi ileile ya kilo 10 inafika kama kilo 9 hivi kwenye gari la strati, na kilo 4.9 kwenye hilo lingine.

Tuchukue gurudumu linalobeba kilo 250 za bodi. La strati litatikisika takriban mara 3 kwa sekunde, la wishiboni mara 2.2. Magari mengi ya kawaida huwa kati ya mara 1 na 1.5. Gari la spoti la barabarani hupendeza kati ya 1.5 na 2. Ukipita 2 unaingia eneo la mashindano, ambako lami ni laini na dereva anashuka baada ya nusu saa. Kwenye wishiboni hiyohiyo, springi ya kilo 6 ingekupa 1.7. Mwandikie muuzaji, muulize uwiano wa mwendo wa springi kwa gari lako. Akishindwa kukujibu, tafuta anayeweza.

Koiliova yenye mibofyo 32 ni bora kuliko yenye 10?

La. Mibofyo ni hatua za kirekebishio cha shokapu, na kila hatua huongeza au hupunguza mkazo, yaani jinsi shokapu inavyokinza mwendo. Bilstein B14 haina hata mmoja, na ni koiliova njema ya barabarani, kwa sababu mkazo wake ulipangwa kwa springi zake na watu wanaojua kazi. Uliza mibofyo inabadilisha nini: mkazo wa kubonyea, mkazo wa kurudi, au vyote kwa pamoja. Kwa mfano, kwenye koiliova za kampuni ya KW, Variant 2 hurekebisha kurudi tu, na Variant 3 hurekebisha vyote viwili, kila kimoja peke yake. Kwenye seti nyingi za bei ya chini, mibofyo mingi ya katikati huwezi kuitofautisha.

Ukiwa nayo, kaza taratibu mpaka mwisho bila kulazimisha, kisha hesabu ukirudi nyuma, kushoto na kulia sawa. Badilisha mibofyo 2 kwa wakati mmoja, barabara ileile. Wengi hukaza mno mkazo wa kurudi kwa sababu gari huonekana limetulia. Kwenye mfululizo wa matuta madogo gurudumu halipati muda wa kurudi, na gari linazidi kuzama kila tuta mpaka ligote.

Silinda moja au silinda mbili?

Shokapu ya silinda moja ina gesi ya nitrojeni yenye shinikizo kubwa, imetengwa na oili kwa pistoni inayoelea. Oili haifanyi povu kirahisi na joto hutoka haraka, kwa kuwa oili inagusa ukuta wa nje. Bilstein na Mercedes-Benz ndio walioiingiza kwenye magari yanayouzwa, mwaka 1957. Udhaifu wake ni kwamba jiwe likiubonyeza ukuta ule, pistoni inakwama. Ya silinda mbili, yaani silinda ndani ya silinda, ina msuguano mdogo, hukatiza vizuri vijishimo vidogo, na ukuta wake wa nje ukibonyea kidogo pistoni haijeruhiwi. Nimeendesha za aina zote mbili zilizo nzuri na zilizo mbaya. Aina isikuamulie ununuzi.

Nimefunga juzi, na mbele nasikia ko-ko-ko nikipita polepole kwenye matuta. Nimeuziwa mbovu?

Usirudishe bado. Anza juu: nati ya fimbo kwenye mauntingi, kile kikalio kinachoshikilia shokapu kwenye bodi. Kama mauntingi yako ni ya chuma yenye bola badala ya raba, kelele kidogo ni tabia yake, na kwa gari la kila siku ningependa urudishe zile za raba za kiwandani ikiwa zinaingia. Kisha nyanyua gari kwa jeki uishike springi. Ikizunguka mkononi kwa ulegevu, haijakaa kwenye kiti chake. Angalia pia linki za stabilaiza (ile fimbo inayopunguza bodi kulala kwenye kona), maana gari likishuka huweza kukaa pembe mbaya na kugonga.

La mwisho ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi. Bolti za mikono zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Bushi ya raba ikikazwa hivyo, gari likishushwa inabaki imesokotwa muda wote. Ukimulika tochi utaiona imevutika upande mmoja, na baada ya miezi michache inapasuka pembeni. Legeza bolti zote za mikono, shusha gari likae kwa uzito wake, bonyeza bodi mara kadhaa, ndipo ukaze kwa kipimo cha kiwandani. Kisha fanya alaimenti, hata kama ulishaifanya, kwa sababu kimo kitakuwa kimebadilika.

Na ukiwa huko chini, piga brashi nyuzi za koiliova uondoe matope, uzipake kinga ya kutu. Ringi ikishaganda kwa kutu, spana yake itateleza na kuichana meno, na kimo kile utabaki nacho.