Kadi ikifutwa ukiwa Guangzhou, pesa yako bado ipo: njia nilizopita mimi

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika. Uko Guangzhou, kadi imekataa kaunta ya hoteli, benki imekutumia meseji kwamba imefutwa kwa sababu za usalama, mfukoni una yuan za kula tu, na kiwandani umeshaweka advansi. Unauliza ubadilishe tiketi urudi Dar au ufanyeje. Usirudi. Jambo hilohilo lilinikuta mji huohuo nikiwa nimefuata nguo za watoto. Benki iliona miamala ya China ikaishuku, ikaifuta kadi bila hata kunipigia. Mzigo wangu ulifika Kariakoo hata hivyo, na wako utafika.

Kabla ya yote, uwaulize benki kitu kimoja: kadi imefungwa kwa muda, au imefutwa kabisa? Wahudumu wa simu huchanganya maneno haya, lakini tofauti yake ni kubwa. Iliyofungwa kwa muda wanaweza kuifungua ukiwa palepale kwenye simu, ukishajibu maswali yao ya kukutambua. Iliyofutwa, namba yake imekufa na hakuna wa kuifufua, hata meneja wa tawi. Utatengenezewa nyingine yenye namba mpya. Ukithibitisha kuwa imefutwa, acha kubembeleza. Mimi niliona watu wakimaliza siku nzima wanajaribu ATM moja baada ya nyingine, wakati kadi haikuwa na uhai tena.

Halafu uliza la pili: akaunti yangu iko wazi? Kwa kawaida iko wazi. Kadi ni mlango mmoja tu wa kuingilia kwenye akaunti, na pesa yako haijaguswa. Ukishalishika hilo vizuri, hofu inapungua na unaanza kutafuta milango mingine.

Sasa kuna jambo la China ambalo ukienda Dubai au Istanbul hulioni. Kule karibu kila kitu kinalipwa kwa simu, Alipay au WeChat Pay, na sisi wageni tusio na akaunti ya benki ya China tunaunganisha humo Visa au Mastercard ya nyumbani. Kadi ikifa, na programu hizo zinakufa nayo. Ndiyo maana umekwama mara mbili kwa mkupuo. Kama una kadi ya benki nyingine yenye jina lako, iingize humo leo hii, hata kama salio lake ni dogo, maana itakurahisishia teksi na chakula. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hayakatwi ada ya huduma, ukipita hapo wanakata asilimia 3, kwa hiyo vitu vidogo vilipie huko na vikubwa vitafutie njia nyingine. Ila usikubali mtu akuazime kadi yake uiunganishe kwenye simu yako. Jina lisipolingana na paspoti unajitafutia kufungiwa na huko pia.

Kama huna kadi nyingine, tumia noti bila aibu. Watu wanadhani China hawapokei noti tena. Wanapokea, na benki kuu yao imepiga marufuku mfanyabiashara kukataa noti za yuan. Tatizo halisi ni chenji. Ukimpa dereva noti ya 100 kwa safari ya yuan 20 mtasumbuana, kwa hiyo unapobadilisha pesa omba noti za 10 na 20. Kwenye metro, dirisha la huduma la kituoni watakuvunjia noti ukanunue tiketi kwenye mashine.

Nije kwenye simu, maana hapa ndipo mambo yote yanaposhikilia. Namba za bure za benki zetu, zile zinazoanza na 0800, hazipigiki ukiwa nje ya nchi. Tafuta namba yao ya kawaida inayoanza na +255, ipo nyuma ya kadi au kwenye tovuti yao. Wengi hukimbilia WhatsApp ya benki kwa waifai ya hoteli, inakataa, wanadhani benki imewapuuza. Haijawapuuza, ni kwamba WhatsApp imezuiwa kwenye intaneti ya China. Lakini ukitumia data ya laini yako ya Tanzania kwa romingi, inafunguka, kwa sababu data hiyo inapitia kwenye mtandao wa nyumbani. Ni ghali, ndiyo, ila kwa mazungumzo ya maandishi na benki haili sana. Zima kila kingine kinachokula data, bakiza hiyo moja.

Usiitoe laini ya Tanzania kwenye simu hata dakika moja. OTP zote za benki, yaani zile namba za siri za kutumika mara moja, zinaingia humo, na bila OTP huingii kwenye akaunti kwa intaneti wala huthibitishi malipo. Kama simu yako ina nafasi moja tu ya laini, hiyo ya China weka kwenye simu ya bei nafuu. Nilikutana na kijana aliyekuwa na pesa nyingi kuliko mimi kwenye akaunti, lakini laini yake aliiacha Mwanza kwa mke wake. Kila OTP mke anaisoma kwa WeChat, na ikifika muda wake umeshapita.

Kumbuka pia saa. China wametutangulia saa tano. Benki ikifungua Dar saa mbili na nusu asubuhi, wewe kwako ni saa saba na nusu mchana. Ukiamka alfajiri na kuanza kupiga utaongea na mhudumu wa usiku, ambaye mara nyingi kazi yake ni kufunga kadi na kuandika malalamiko. Wenye mamlaka ya kufanya maamuzi hawajaamka. Subiri mchana, piga moja kwa moja tawini ulikofungulia akaunti, uongee na mtu anayekufahamu. Mimi kilichonisaidia ni dada mmoja wa tawini aliyekaa na suala langu hadi likaisha, akanipa jina lake na namba ya malalamiko. Na wewe omba namba hiyo, uiandike.

Pesa ya kujikimu, yaani hoteli, chakula na usafiri, ipate kwa jina lako na paspoti. Mtu wa nyumbani aende kwa wakala wa Western Union, atume, akupe namba ya kupokelea, ile yenye tarakimu 10. Mimi nilipokea kwenye tawi la benki ya posta ya China. Nilikwenda na paspoti, anwani ya hoteli iliyoandikwa kwa Kichina na namba ya simu ya kule. Nikajaza fomu, nikapewa hela. Kabla ya kutoka, piga simu kwanza au mwombe mtu wa hoteli akupigie, kwa kuwa si kila tawi linatoa huduma hiyo, na lile la jirani linaweza kukurudisha.

Hapa kuna kitu kimoja kinachowaumiza Watanzania wengi, majina. Nyumbani tunajiandika majina matatu kwa mfuatano tuliouzoea, jina lako, la baba, la babu. Paspoti inatenganisha jina la ukoo na majina mengine, na mhudumu wa Kichina analinganisha herufi kwa herufi. Anayekutumia akiandika Mohamed wakati paspoti inasema Mohammed, hupewi. Usimtajie jina kwa mdomo. Piga picha ukurasa wa paspoti, mtumie, mwambie aandike kama ilivyo. Ikitokea limekosewa usihangaike na mhudumu wa kule, mtumaji arudi kwa wakala wake aombe kurekebisha jina.

Hela ya kiwandani ni habari nyingine, usiilete kwa Western Union kama ni kubwa. Hiyo itoke akaunti ya Dar iende moja kwa moja akaunti ya kiwanda kwa TT, yaani uhamisho wa benki kwa benki wa kimataifa, kama tunavyolipa tukiwa nyumbani. Kama akaunti ni ya kampuni na ina mtia saini wa pili, umepona, yeye atapeleka ankara tawini. Kama ni yako peke yako, itabidi uifanye mwenyewe kwa intaneti, au uwaulize benki kama wanapokea barua ya maelekezo yenye saini yako iliyoskaniwa, baadhi hukubali kwa mteja wanayemfahamu. Na wewe una bahati, uko hapohapo walipo watu wa kiwanda. Nenda ofisini kwao, uandikiwe ankara yenye jina la kampuni, jina la benki, namba ya akaunti na SWIFT, ile namba inayoitambulisha benki kimataifa, wagonge muhuri mbele yako. Jina la mwenye akaunti lilingane na jina la kampuni. Akaunti mpya ikitumwa kwenye WeChat baada ya hapo, hata kwa picha ya mtu unayemjua, usiilipe mpaka umerudi kuuliza kwa miguu yako. Na ukituma Ijumaa mchana wa Dar, China ni jioni, benki zimefunga. Hesabu wikiendi yote.

Wakati huohuo kamwambie mwenye kiwanda mapema. Watu wetu wakikwama hunyamaza wakitegemea kesho mambo yatakaa sawa, na mwenye kiwanda anaona umemkimbia, anauza mzigo kwa mwingine. Mimi nilikwenda na mkalimani, nikamwonyesha meseji ya benki kwenye simu, nikamwambia siku ninayotegemea TT itoke. Aliushikilia mzigo. Wale watu wanaelewa habari za benki kuliko tunavyofikiria, kinachowaudhi ni ukimya.

Kuna wale wa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, watakaokunong'oneza njiani kwamba wana yuan. Waache. Noti bandia zipo, na kubadilisha pesa nje ya mfumo ulioruhusiwa ni kosa kwa sheria za China, wewe mgeni ndiye utakayeumia. Wapo pia wanaokwambia weka shilingi Kariakoo upokee yuan huku. Najua inatumika, na wanaoitumia wanaisifu kwa haraka yake. Mimi sikushauri, tena kwa mtu aliyekwama. Huna risiti, huna wa kumshtaki, na hukuchunguza hela hiyo imetoka wapi.

Tofauti na hao ni mtu unayemfahamu. Mimi siku za mwanzo nilikula kwa hela ya mama mmoja wa Tanga tuliyezoeana kwa kukutana kwenye masoko ya nguo karibu na stesheni ya reli. Alinipa yuan bila kuniuliza mara mbili. Siku ileile nilimpigia mdogo wangu akamtumia binti yake M-Pesa kwa kiwango cha siku hiyo, na risiti nikamwonyesha. Kwa hiyo kama yupo Mtanzania mwenzako mnayeaminiana hapo, mwombe kiasi kidogo cha kukusogeza, na mlipe siku hiyohiyo kupitia nyumbani. Mama yule hadi leo namwombea dua.

Tahadhari nyingine: umetaja benki yako hadharani hapa. Muda si mrefu utaandikiwa na akaunti zenye nembo ya benki zikijiita huduma kwa wateja, zikikuomba PIN au OTP ili wakurejeshee kadi. Ni matapeli, hawakosi kuja. Benki haiulizi PIN wala OTP. Wasiliana nao kwa namba uliyoipiga wewe mwenyewe.

Na kadi iliyokufa usiikate wala usiitupe. Kama ndiyo uliyonunulia tiketi, baadhi ya mashirika ya ndege huomba kuiona unapojiandikisha kusafiri. Pia kama hoteli ilishikilia amana kwenye kadi hiyo, usiogope kwamba hela itapotea kwa sababu namba imefutwa, benki inaijua akaunti iliyo nyuma yake. Inaweza kuchelewa tu. Ondoka na risiti ya hoteli inayoonyesha amana imeachiwa.

Ukirudi Dar, nenda tawini na uwadai sababu kwa maandishi. Kulinda mteja ni kazi yao na siwalaumu kwa kushuku muamala, ila kumfutia mtu kadi akiwa ugenini bila kumpigia ni kumwacha njiani, na lazima waambiwe. Wasipokujibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na utapeleka huko ile namba ya malalamiko niliyokwambia uiandike. Safari ijayo beba kadi za benki mbili tofauti, moja ikae begini mbali na nyingine, na uliza kama benki yako inatoa kadi ya UnionPay, mtandao wa kadi wa China, kwani mashine nyingi za maduka ya China zinaisoma hiyo kuliko Visa.

Kwa sasa anza na simu ya tawini, halafu picha ya paspoti kwa anayekutumia. Ukikwama kwenye fomu ya benki ya posta, andika hapa ni kipengele gani, nipo hadi usiku.