Riwaya Imekataliwa Mara Tatu: Usiitume Tena Kabla ya Kufanya Haya

Ujumbe wa msomaji ni mfupi: "Riwaya yangu imekataliwa na wachapishaji watatu. Mmoja kasema haiendani na mpango wao, wawili hawajajibu mpaka leo. Niendelee au niache?"

Endelea, ndugu yangu. Ila kuendelea si kutuma faili lile lile kwa mchapishaji wa nne.

Tuanze na hesabu yako, maana ina kosa. Aliyekukataa ni mmoja. Wale wawili wamenyamaza tu, na kimya cha mchapishaji kwa kawaida hakisemi lolote kuhusu kazi yako. Nyumba nyingi za uchapishaji, Dar es Salaam na Nairobi pia, zina wahariri wachache, na wahariri hao kutwa wako kwenye vitabu vya kiada kwa sababu huko ndiko mishahara inakotoka. Muswada wa riwaya uliokuja bila kuombwa unasubiri nafasi ipatikane. Upe miezi mitatu, kisha uliza. Ikipita miezi sita bila neno, waandikie kwamba unauondoa, ndipo uupeleke kwingine. Wengi wanaruka hatua hii ya kuuondoa. Siku nyumba mbili zikiutaka muswada mmoja na kila moja ikaamini ni wake, mwandishi hupoteza zote mbili.

Sasa huyo aliyesema "haiendani na mpango wetu". Amini maneno yake kama yalivyo. Soko kubwa la vitabu kwetu ni shule. Kitabu kinachotakiwa kuingia darasani hupita kwenye ithibati, yaani idhini rasmi ya kutumika shuleni, Tanzania Bara kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, Kenya kwa KICD, taasisi yao ya mitaala. Riwaya yenye matukio ya chumbani na matusi ya vijiweni haipiti huko hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani. Mhariri anaweza kuipenda, akaisoma mpaka usiku wa manane, na asubuhi akakuandikia kuikataa kwa sababu hana pa kuiuzia. Kwa hiyo kabla ya kutuma tena, ingia duka la vitabu. Shika riwaya tano za Kiswahili zilizotoka karibuni na zinazofanana na yako kwa umri wa msomaji na kwa mada, fungua ukurasa wa hakimiliki, uandike nani amezichapisha. Hao ndio wa kuwatumia. Mwenye vitabu vya hesabu na hadithi za watoto peke yake, usimsumbue wala usijisumbue.

Na tafadhali, mchapishaji si mpiga chapa. Mpiga chapa ana mashine. Ukimlipa atachapa chochote, makosa kwa makosa. Mchapishaji huhariri, husanifu, hugharamia na huuza. Watu wanachanganya hawa wawili, wanalipa mamilioni, na maboksi ya vitabu yanabaki chini ya kitanda. Inauma kuona hivyo.

Baada ya hapo ukabili muswada wenyewe. Kurasa kumi za mwanzo ndizo zinazoamua, na kosa la kawaida lina sura moja: jua limechomoza, mhusika ameamka, amepiga mswaki, amekumbuka utoto wake, na jambo la kwanza linatokea ukurasa wa 14. Tafuta ukurasa ambapo linatokea jambo lisiloweza kurudishwa nyuma: mtu ameondoka, barua imefunguliwa, uongo umesemwa. Anzia hapo. Ulivyovikata, virudishe kidogo kidogo ndani ya mazungumzo. Utagundua nusu yake haikuhitajika.

Kisha lugha, ambayo ndiyo sababu wahariri wengi hawafiki ukurasa wa tatu. Upatanisho uliovunjika ("vitu hizi", "gari hilo limeharibika, nikaiacha"). Herufi h kudondoka au kuongezwa, l na r kubadilishana, "dh" kugeuka "z". Sentensi zilizofikiriwa kwa Kiingereza zikavalishwa kanzu. Wahusika wote, mzee wa Pangani na kondakta wa Mbagala, kuongea kama wasoma taarifa ya habari. Kikagua tahajia cha kompyuta hakikamati mengi ya haya. Chapa muswada kwenye karatasi, uusome kwa sauti, kurasa 15 kwa siku, na uweke alama kila ulimi unapojikwaa. Muswada wa kurasa 200 utakula wiki mbili. Zitoe.

Wape pia watu watatu wausome, mmoja wao asikujue kabisa. Usiwaulize kama wameupenda, kwa sababu watakujibu kwa adabu. Waulize: uliuweka chini ukurasa gani? Wawili wakitaja eneo moja, pana tatizo hapo, hata kama ndiyo sura uipendayo kuliko zote. Kanuni hiyo hiyo itumie kwa majibu ya wahariri. Lawama ya mmoja ipime. Ya wawili wasiojuana irekebishe. Na mhariri akikuandikia "rekebisha hiki kisha utuletee tena", hajakukataa huyo. Fanya kazi hiyo ndani ya miezi miwili au mitatu, kabla hajakusahau.

Kifurushi cha kumtumia mchapishaji hakina mengi: karatasi za A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu au miwili, pambizo (nafasi tupu ya kingoni) ya sentimita 2.5, namba kila ukurasa. Muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema hadithi inaishaje. Kuficha mwisho ni kumnyima mhariri kile anachohitaji ili aamue.

Tuzo nazo ni mlango. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilizinduliwa mwaka 2022. Ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno. Hasa kama umekuwa ukiweka sura zako Facebook au kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu mashindano mengine huhesabu hiyo kuwa ni kuchapisha. Weka sura moja ya kuonjesha, zilizobaki zifiche.

Hatari kubwa kuliko kukataliwa huja pale unapokubaliwa ukiwa umechoka. Mtu aliyekataliwa mara sita husaini chochote. Mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi huzunguka asilimia 10, lakini asilimia 10 ya nini? Kitabu cha shilingi 10,000, duka likipunguziwa asilimia 40, mchapishaji anapata 6,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,000 kwako. Ya mapato ni 600. Uliza kabla ya kalamu kugusa karatasi. Uliza pia mkataba unaisha lini, na kama haki zinarudi kwako kitabu kikiadimika madukani. Mchapishaji akikuomba wewe pesa, basi huyo ni mpiga chapa aliyevaa koti la mchapishaji.

Kuhusu muda, kumbuka Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Utenzi wa Vita vya Uhuru ukatoka kitabu mwaka 1967. Mwandishi yule, mwenye jina lile. Kwa hiyo fungua daftari: nani, tarehe ya kutuma, tarehe ya kuuliza, jibu, ulichobadilisha. Safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu mara tatu mfululizo, unapoteza wachapishaji bure. Na muswada wa pili uanze leo, wakati wa kwanza uko njiani.

Kwa wale wawili walionyamaza, kama miezi mitatu imetimia, tuma hivi usiku huu: "Habari za kazi. Tarehe fulani niliwatumia muswada wa riwaya wenye jina fulani. Naomba kujua umefikia hatua gani. Ahsante." Jina lako na namba ya simu chini. Usiongeze neno.