Vanessa si "kipepeo": jibu kwa mzazi aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama kweli Vanessa ni Kigiriki na maana yake ni "kipepeo", kwa kuwa ndivyo ilivyosema orodha uliyoisoma, na binti yako anazaliwa karibuni. Si kweli. Kwa Kigiriki cha kale kipepeo ni "psyche", neno lilelile la roho. Vanessa ni jina la kutungwa. Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, alimtungia rafiki yake Esther Vanhomrigh: akachukua "Van" ya jina la ukoo, akaiunga na "Essa" ya Esther. Shairi lenye jina hilo lilichapishwa mwaka 1726. Kipepeo kaja nyuma kabisa: mwaka 1807 Fabricius, mtaalamu wa wadudu kutoka Denmark, aliipa jenasi (kundi) moja ya vipepeo jina la Vanessa. Yaani wadudu ndio waliopewa jina, wenye orodha wakageuza.

Nalisemea hili kwa sababu limeshanikuta. Mimi ni Sesilia. Utotoni nilipewa kadi yenye maandishi ya dhahabu, "Sesilia: yungiyungi la mbinguni", nikaibandika ukutani juu ya kitanda mpaka gundi ikakauka. Ukubwani nikafungua kamusi ya majina. Caecilius, ukoo wa Kirumi, na neno linalohusishwa nao ni "caecus". Kipofu! Nilicheka peke yangu. Kumbe hata yungiyungi si uzushi wa mchapa kadi. Limo kwenye visa vya watakatifu vya karne ya 13. Nadhani waandishi wa visa hivyo hawakupenda Mtakatifu Sesilia aitwe kipofu, basi wakalikata jina vipande: "caeli", ya mbinguni, na "lilia", mayungiyungi.

Tangu hapo, jina lolote naliuliza kwanza lugha yake. Chukua Lulu. La Kiarabu ni lulu ya baharini, na Margareta, kutoka Kigiriki, ni lulu hiyohiyo. Ila kuna akina Lulu ambao ni kifupi cha Louise, jina lenye mizizi ya Kijerumani cha kale, la sifa na vita. Na ukikuta jina moja limerundikiwa "mrembo, jasiri, mwenye bahati", funga ukurasa huo.

Vanessa mpe tu, ni jina zuri. Kipepeo usimwandike kwenye kadi.