Nimenunua sensi, mbona bado nakufa mapema?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miezi michache tangu nianze PUBG Mobile, ile gemu ya simu ya kupigana risasi, natumia simu ya Android ya kawaida. Mwanzoni nilikuwa naua sana, hata kushinda nilishinda. Tangu nimepanda daraja nakufa mapema, na mara nyingi hata sijui aliyenipiga yuko wapi. Nilinunua sensi, yaani namba za mipangilio ya kulenga, kwa jamaa mmoja mtandaoni, haikusaidia. Sasa anasema ana faili la kuondoa rikoili (bunduki kuruka) kabisa, shilingi 15,000. Ameshanitumia, anasubiri nilipe anipe nywila ya kulifungua. Nilipe, au tatizo ni simu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usilipe. Hela ya sensi imeshaliwa, usiifuatishie nyingine.

Soma tena ulichoandika: "hata sijui aliyenipiga yuko wapi". Rikoili ni ile bunduki kuruka juu wakati unafyatua. Sasa mtu anayekufa hajafyatua, tena hajamwona adui, rikoili imemkosea nini? Hili linaniudhi kuliko yote katika kazi ya kufundisha gemu za kulenga. Kila kijana anayekuja ameshaaminishwa kwamba kuna namba za siri, akiziingiza kwenye mipangilio risasi zote zitaingia kichwani. Hazipo.

Kuua sana mwanzoni kuna sababu yake. Mechi za madaraja ya chini zimejazwa maboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na mfumo wenyewe. Boti linasimama wazi na kupiga ovyo mpaka umalize kulenga. Ukipanda, maboti yanapungua na unaanza kukutana na watu. Mkono wako haujaharibika. Ulizoea kukatiza uwanda bila kuangalia pembeni, na watu hawakusamehi kama maboti.

Tuje kwenye sensi. Namba hizo zinaamua kidole kikisogea kidogo kwenye kioo, mchezaji wako ageuke kiasi gani. Zinazokufaa zinategemea ukubwa wa kioo, fremu (picha) ngapi simu inatoa kwa sekunde, unatumia jairoskopu (kulenga kwa kuinamisha simu) au hutumii, unacheza kwa gumba mbili au kwa vidole vinne. Muuzaji anakuwa amenakili mipangilio ya mchezaji maarufu mwenye iPad ya fremu 90, anakuuzia wewe wa simu ya inchi sita yenye fremu 40. Ni kuvaa miwani ya jirani kwa sababu jirani anaona vizuri. Na wachezaji wanagawiana mipangilio hiyo bure kila siku.

Ya kwako utaipata kwenye uwanja wa mazoezi wa gemu. Chukua bunduki ya M416 tupu, bila kifaa chochote cha kuongezea zaidi ya skopu (kioo cha kulengea) ya nukta nyekundu. Simama mbele ya ukuta, mimina magazini nzima ya risasi 30 bila kuvuta kidole. Utaona matundu yanavyopanda. Rudia, safari hii ukivuta kidole chini taratibu. Matundu yakiangukia chini ya ulipolenga, punguza sensi. Yakizidi kupanda ilhali kidole kimeshafika ukingoni mwa kioo, ongeza. Lakini gusa panapohusika: sensi ya kamera ni ya kugeuka kabla hujafyatua, na ile iliyoandikwa ADS ndiyo inayofanya kazi risasi zikiwa zinatoka. Wengi wanahangaika na ya kamera wiki nzima huku wakilalamika bunduki haitulii. Ukishapata, iache hapo. Anayebadili sensi kila jioni anaunyima mkono nafasi ya kuzoea. Bunduki ya AKM iweke pembeni kwanza. Inaumiza zaidi, lakini inaruka sana na haina pa kufunga mshiko wa mbele wa kuituliza.

Kinachokuua wewe ni unaposimama na unapopita. Ukicheza ile hali ya kawaida, kamera iko nyuma ya mgongo wa mchezaji, upande wa bega la kulia. Aliyejibanza nyuma ya ukuta anauona mlango wote bila yeye kuonekana, na wewe unayeingia mbio humwoni. Anayetangulia akatulia ana faida kubwa sana. Kwa hiyo kabla ya kuingia nyumba, tazama mlango. Kwenye ramani ya Erangel milango huanza ikiwa imefungwa. Ukiukuta wazi, kuna mtu amepita hapo, na huenda bado yumo. Tazama na ramani ndogo: nyayo na milio ya bunduki iliyo karibu huonyeshwa pale kwa alama, ila wengi macho yao yako kwenye vitu vya kuokota. Vaa hedifoni za waya, maana nyingi za bluetooth huchelewesha sauti. Ukijikinga nyuma ya mti, chungulia upande wa kulia, ndiko kamera inakokubeba. Ukifyatua, hama, kwa sababu kila aliye karibu ameshajua ulipo. Na ukimuua mtu, usisimame wima juu ya kreti lake, lile sanduku la vitu alivyoacha, ukichagua skopu, mwenzake anakutazama.

Simu yako, kama haichemki na fremu hazidondoki, inatosha. Chagua seva inayokupa pingi ndogo, yaani mtandao usiochelewa. Kwa wengi wetu huku ni ya Ulaya au ya Mashariki ya Kati.

Nirudi kwa muuzaji, maana hili si lako peke yako. Wanaanza na namba za bei ndogo. Zikigoma, wanasema tatizo ni rikoili, wanaleta faili. Faili hilo ama halifanyi kitu, ama linachezea gemu kinyume cha masharti, na hapo unafungiwa; PUBG Mobile imewafungia wadanganyifu wengi kwa miaka 10. Wengine wanataka uwape akaunti "wakupangie", ukitoa nywila umeiaga. Wabaya kuliko wote wanakupa programu inayoomba ruhusa ya kusoma SMS. Gemu ya kufyatua inataka SMS zako za nini? Humo ndimo zinamopita namba za uthibitisho za benki na ujumbe wa pesa za simu. Wazazi mnaosoma hapa, mtoto akiomba hela ya "faili la gemu", ishikeni simu muangalie nini kimeingizwa, kwa sababu mara nyingi simu hiyo ndiyo yenye akiba ya nyumba nzima.

Na wewe wa Morogoro, hilo faili lifute leo. Kufunga faili kwa nywila ni njia ya kuzuia antivairasi isichungulie ndani. Kama sensi uliyonunua ilikuja na programu yoyote ukaifungua, iondoe, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, ukague kila inayosoma SMS na kila iliyopewa huduma za ufikivu, zile zinazoiwezesha programu kusoma na kubonyeza kioo chako. Nywila ya akaunti uliyounganisha na gemu ibadilishe ukiwa kwenye simu nyingine, si hiyo.