Tuwe shirika, au tubaki kikundi?

Shikamoo Bibi. Tuna kikundi cha kujitolea hapa Sahare, Tanga. Tunapanda mikoko na kuokota taka ufukweni. Mgeni mmoja ameahidi kutuchangia, ila anataka tuwe shirika lililosajiliwa. Wenzangu wameshaanza kugawana vyeo. Tukubali?
Katibu, Sahare

Marahaba mwanangu. Hivyo vyeo ndivyo vinavyonitia shaka. Mgeni kaahidi kiasi gani, na kwa muda gani? Kama ni glavu, viroba na miche ya msimu mmoja, msijitwishe shirika. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii, mjisajili halmashauri kama kikundi cha kijamii. Mtapata cheti, mtafungua akaunti ya kikundi, kisha mrudieni mgeni mkamuulize kama hicho kinamtosha. Huenda kikamtosha.

Shirika lisilo la kiserikali lina sheria yake, ya mwaka 2002, na Msajili wake. Kila mwaka mtadaiwa taarifa ya kazi, hesabu zilizokaguliwa na ada. Mkaguzi hafanyi kazi kwa thawabu! Wala cheti hakifuti kodi. Hadhi ya hisani, ile ya nafuu ya kodi, huombwa Mamlaka ya Mapato (TRA), kivyake. Daftari la michango mnalo? Nani anaandika mihtasari ya vikao? Kama jibu ni "tutaona", basi bado. Mkiwa na mradi wa miaka kadhaa na mishahara ya kulipa, hapo nitawasukuma mimi mwenyewe.

Halafu, mikoko ni msitu wa hifadhi. TFS, wakala wa misitu wa serikali, mmeshaongea nao?