Neno "hand" si mkono tu: kwa wafasiri wapya

Rasimu za vijana wanaoanza kufasiri kutoka Kiingereza zinarudi na kosa lile lile, na mara nyingi limejificha kwenye hand. Neno linaonekana jepesi, kwa hiyo hakuna anayefungua kamusi. Ndugu zangu, fungueni.

1. Hand ina mpaka. Kwa Mwingereza hand ni kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole. Kutoka kifundo kupanda hadi begani ni arm. Mkono wetu unabeba vyote viwili, na hapo ndipo matini za afya huharibika. Chanzo kinasema upele huanza kwenye hands na kupanda kwenye arms. Rasimu inaandika: "Upele huanza mikononi na kuenea mikononi." Mfasiri akilishtukia hilo, hulitibu vibaya zaidi kwa kufuta nusu ya pili. Sasa muuguzi anayesoma hajui kwamba upele unapanda, na huko kupanda ndiko alikotakiwa kukuangalia. Mwingine anakimbilia viganja na kuishia hapo, lakini kwa wasomaji wengi kiganja ni upande wa ndani, ule wa kushikia. Upele wa upande wa nje umeachwa. Andikeni mipaka yenyewe: "Upele huanza viganjani, ndani na nje, pamoja na vidoleni, kisha huvuka kifundo na kupanda hadi begani." Sentensi imerefuka, lakini msomaji anaona upele unakokwenda. Kabla ya kuandika "mkono" katika matini ya tiba, pitieni waraka mzima mkitafuta arm. Kama haimo, "nawa mikono" inatosha, maana hakuna atakayenawa hadi begani. Kama imo, wekeni mipaka, na mkishaiweka msiibadilishe ukurasa unaofuata. Foot na leg zinatutesa vivyo hivyo kwenye mguu.

2. Asili yake. Hand ni ya Kiingereza cha Kale, ndugu wa Hand ya Kijerumani. Manus ya Kilatini, iliyozaa manuscript na manual, ni ukoo mwingine, ndiyo maana Kiingereza kina maneno mawili mawili kwa kazi za mkono. Na tafadhali acheni kusimulia kwamba handicap ilitokana na ombaomba na kofia zao. Ulikuwa mchezo wa kubadilishana vitu, wa karne ya 17: mwamuzi alikadiria nyongeza itakayosawazisha thamani, na wachezaji walitia mikono kofiani kuonyesha kama wamekubali au wamekataa. Jina likaenda kwenye mbio za farasi, ambako farasi hodari alibebeshwa uzito zaidi. Maana ya ulemavu ilikuja baadaye.

3. Second hand ya saa ni mshale wa sekunde. Second-hand yenye kistari ni kitu kilichokwisha tumika, au habari iliyopitia kwa mtu mwingine. Angalieni kistari, kisha angalieni muktadha, kwa sababu waandishi wengi hukisahau. Hired hand ni kibarua. Hand ya ndizi ni chana, si mkungu. A big hand ni makofi. Hand, foot and mouth disease huwapata binadamu, hasa watoto wadogo. Mkiiangusha hand, inabaki foot-and-mouth disease, ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi na wanyama wengine wenye kwato zilizopasuka. Neno moja limebadilisha ugonjwa na mgonjwa.

4. Farasi. Hapa hand ni kipimo cha urefu cha inchi 4, yaani sm 10.16, na farasi hupimwa kutoka ardhini hadi juu ya mabega, si kichwani. Kinachowaangusha wengi ni nukta: si ya desimali. Farasi wa 15.2 ana hands 15 na inchi 2. Zidisheni 15 kwa 4, ongezeni 2, mnapata inchi 62, mara 2.54 ni sm 157.48. Anayezidisha 15.2 kwa 10.16 moja kwa moja anapata sm 154.43, na farasi amepungua sm 3. Baada ya nukta, inchi kamili huwa 0, 1, 2 au 3 tu, kwani inchi ya nne inakamilisha hand nyingine. Mkikuta 15.5, kosa limo kwenye chanzo. Mwulizeni mteja kabla ya kukokotoa chochote.