Maswali na Majibu: Kori zipo, mbona inafanya kazi moja tu?

SWALI: Ndugu wataalamu, programu yangu ya Python hupima urefu wa dagaa kwenye picha 6,000 zilizopigwa kwenye vichanja vya mwalo wa Igombe. Inachukua dakika 40. Kompyuta ni ya Windows, kori 4 (sehemu za prosesa zinazokokotoa), RAM GB 8, lakini matumizi ya prosesa hayapiti asilimia 13. Nimeweka nyuzi nane, yaani njia nane za kazi ndani ya programu moja, kwa `threading`, hakuna kilichobadilika. Nifanyeje?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Hiyo asilimia 13 imeshasema yote. Windows inaona kila kori yako kama mbili, jumla nane, na 100 gawa kwa 8 ni 12.5. Anayefanya kazi ni mmoja, saba wamekaa.

Python ya kawaida ina kufuli liitwalo GIL: kwa wakati mmoja ni uzi mmoja tu unaotekeleza maagizo yake. Mtumbwi una kafi moja; hata mkipanda wanane, anayepiga kafi ni mmoja. Nyuzi hufaa programu inaposubiri intaneti au diski, si inapokokotoa. Wewe unahitaji michakato, yaani nakala kadhaa za programu zinazoendeshwa kwa pamoja, kila mmoja na kufuli lake (`majina` ni orodha ya majina ya faili za picha):

```
from multiprocessing import Pool

if __name__ == "__main__":
    with Pool(4) as p:
        majibu = p.map(pima, majina, chunksize=50)
```

Funksheni ya `pima` iandike juu, nje ya `if`. Mstari huo wa `if` usiuache kabisa. Kwenye Windows kila mchakato mpya husoma faili lako upya. Bila mstari huo, mchakato huo nao utajaribu kuzaa mingine, na Python itakukatalia kwa `RuntimeError`.

Kosa linalowaangusha wengi ni kutuma picha yenyewe. Kila unachotuma hufungashwa, husafirishwa, kisha hufunguliwa upande wa pili, na picha ya rangi ya megapikseli 12 ikishafunguliwa ni kama MB 36. Tuma jina la faili, mchakato uifungue wenyewe, urudishe namba tu. Majina yaende hamsini hamsini, ndiyo kazi ya `chunksize`. Anza na michakato 4: ukiweka 8 faida ni ndogo, na RAM ya GB 8 ikijaa kompyuta itahamia kwenye diski, iwe nzito kuliko mwanzo.

Usitegemee dakika 10, yaani 40 gawa kwa 4. Kama dakika 8 kati ya 40 ni kazi isiyogawanyika, mfano kuandika matokeo kwenye faili moja, zinabaki 32. Gawa kwa 4, jumlisha zile 8, unapata 16.

Lakini kabla ya yote, kagua `pima`. Ikiwa inapita pikseli moja moja kwa `for`, ikabidhi kazi hiyo NumPy kwanza, maktaba ya Python inayokokotoa namba nyingi kwa mkupuo. Hapo pekee unaweza kuokoa muda kuliko kori zote nne.